Ripoti ya Uendelevu Huanzia Kwenye Daftari

Ifuatayo ni hotuba ya afisa wa habari wa kaunti katika mkutano na wafanyabiashara. Tunaichapisha kwa manufaa ya wakazi wote.



Kazi yangu ni kuandika taarifa, kwa hivyo nakiri jambo moja: ni rahisi kutengeneza ripoti inayopendeza. Unapiga picha wafanyakazi wakipanda miti, unaandika kwamba mnajali mazingira, unachapisha. Lakini jirani anayeishi nyuma ya kiwanda chako, anayefunga madirisha kila jioni kwa sababu ya moshi, hatakuamini. Yeye ndiye msomaji wako wa kwanza.

Ripoti ya uendelevu ni hesabu ya mambo ambayo vitabu vya faida na hasara havionyeshi wazi: maji uliyotumia, stima, kuni ulizochoma, taka zako na zilikokwenda, wafanyakazi walioumia kazini. Pia inaeleza hatari. Mvua ikikosa kunyesha, au mto ukifurika, biashara yako itasimamaje?

Mwaka wa 2021, Soko la Hisa la Nairobi lilitoa mwongozo kwa kampuni zilizoorodheshwa. Juni 2023, bodi ya kimataifa ya ISSB ikatoa viwango viwili: S1 cha uendelevu kwa jumla, na S2 cha mabadiliko ya tabianchi. Kwa ratiba ya taasisi yetu ya wahasibu, ICPAK, mashirika yenye maslahi ya umma, kama vile benki, yatalazimika kuvifuata kuanzia Januari 2027, kampuni nyingine kubwa 2028, na biashara ndogo na za kati 2029.

Kuna anayejiuliza: mimi naoka mikate tu, hayo yananihusu nini? Yanaweza kukufikia kabla ya 2029. Kiwango cha S2 kinaitaka kampuni ihesabu pia hewa chafu inayotokana na shughuli za wanaoiuzia bidhaa. Supamaketi unayoiuzia mikate inaweza kukuuliza unachoma kuni kiasi gani. Asiye na jibu huenda akapoteza zabuni kwa mwenzake mwenye rekodi, hata kama mkate wake ni mtamu zaidi.

Anzeni na daftari. Kila mwezi andika namba ya mita ya maji, uniti za stima, lita za dizeli na mizigo ya kuni. Tenganisha taka, kama inavyotaka Sheria ya Udhibiti Endelevu wa Taka ya 2022, kisha uzipime. Mwaka ukiisha, linganisha. Kama matumizi ya maji yamepanda, sema yamepanda, eleza sababu na utakachofanya. Namba mbaya iliyosemwa wazi hujenga imani kuliko sifa zisizo na namba.

Nanyi wakazi, Kifungu cha 42 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Ripoti ikisema mto uko salama, na nyinyi mnaona povu, ulizeni maswali.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Maji ya mto wetu nayo ni mali.