Maktaba Ndogo, Hadhira Pana: Stadi za Kidijitali na Hati za Lamu

Taasisi ndogo ya urithi, iwe maktaba ya msikiti, makumbusho ya mji au chama cha wazee wanaotunza kumbukumbu za ukoo, mara nyingi huingia katika kazi za kidijitali kupitia mradi wa wafadhili, na mradi ukiisha hubakiwa na kamera na diski bila watu wenye mazoea ya kuzitumia. Mhadhara huu unashikilia kwamba stadi inayopaswa kutangulia ni ile ya kueleza kilichomo katika picha, na kwamba sehemu kubwa ya stadi hiyo wenyeji wanayo tayari.

Msikiti wa Riyadha mjini Lamu, ulioasisiwa na Habib Swaleh na ambao Maulidi yake huwakusanya watu wa pwani nzima kila mwaka, una hazina ya hati za mkono za fiqhi, nahau na tasawufi. Hati hizo zilipigwa picha chini ya mpango wa nyaraka zilizo hatarini ulioanzishwa na British Library, maktaba ya taifa ya Uingereza, mwaka 2004, ambao utaratibu wake ni kuwa hati asilia hubaki kwa wenyewe na nakala za picha huwekwa nchini zilikotoka na London pia. Hekima ya utaratibu huo ilidhihirika Oktoba 2023, wadukuzi walipoishambulia British Library na huduma zake nyingi za mtandaoni zikasimama kwa miezi kadhaa. Ndiyo maana ya nakala rudufu, yaani nakala ziwekwazo kando dhidi ya hasara: kanuni inayofuatwa na wahifadhi ni nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, moja ikiwa mbali na jengo, na katika mji wa kisiwani, wenye unyevu na chumvi ya bahari, mafaili hayana budi kufunguliwa mara kwa mara ili kuhakikisha kwamba bado ni mazima.

Hata hivyo, picha elfu zisizo na maelezo hazimfai msomaji. Data fafanuzi ni maelezo yanayoambatana na kila faili: jina la kitabu, mnakili, mwaka wa Hijria, lugha, mwenye mali na masharti ya matumizi. Mwalimu wa chuo cha Kurani anayesoma maneno ya mnakili mwishoni mwa kitabu, akatambua ukoo wake na mtaa wake, Mkomani au Langoni, anafanya kazi ambayo hakuna fundi wa kompyuta awezaye kuifanya. Kinachokosekana ni kijana wa kuketi naye na kuyaingiza maelezo hayo katika lahajedwali, yaani jedwali la kompyuta, kwa mpangilio usiobadilika. Mafunzo yanayowatenga wawili hawa, kijana akipelekwa semina na mwalimu akiachwa nyumbani, ni hasara tupu.

Hadhira nayo hupatikana kwa njia hiyohiyo ya kukutanisha maarifa ya wenyeji na chombo cha kidijitali. Ukurasa mmoja uliotumwa katika kundi la WhatsApp la jamaa walioko Mombasa na Maskati, ukiambatana na swali la kweli kuhusu jina lisilosomeka, huwafanya wapokeaji kuwa wasaidizi wa maktaba, mradi majibu yao yaandikwe katika jedwali pamoja na jina la aliyeyatoa, akiridhia. Picha inayotumwa hivyo hupunguzwa ubora, kwa hiyo faili kamili lazima libaki maktabani.

Kitabu cha wakfu kilitolewa ili kisomwe, na kukifungua kwa umma kunaafiki nia ya mtoaji. Barua za kifamilia na nasaba zina hukumu nyingine: warithi huulizwa kabla ya picha kupandishwa mtandaoni, na jibu lao, hata likiwa la kukataa, huandikwa katika safu ya idhini ya jedwali lilelile.