Viti vya Maktaba

Wazazi kutoka Kibera na Kawangware, mliolipa karo kidogo kidogo hadi ikaisha, hebu simameni tuwaone. Wahitimu, wapigieni makofi.

Mimi ni mkutubi. Katika chuo nilichoanzia kazi, makabati ya kadi za katalogi yaliondolewa ili kompyuta ziingie. Sawa. Baadaye kila mwanafunzi akawa na simu, kompyuta zikashika vumbi, na chumba kikagawanywa: huku ofisi, kule ghala la karatasi za mitihani. Kila walipopanga upya, ripoti ilihesabu vitabu na mashine. Viti vilipungua bila kuandikwa popote. Jambo hilo linaniuma hadi leo.

Linaniuma kwa sababu nyumbani kwenu nakujua. Chumba cha futi 10 kwa 10, familia nzima ndani, runinga ya jirani inasikika kupitia mabati, stima inapotea usiku wa kuamkia mtihani. Anayetoka humo huja maktaba kuazima meza, taa na utulivu. Kitabu mara nyingi anacho kwenye simu.

Uhaba wa viti si jambo geni. Maktaba ya McMillan pale mjini Nairobi ilifunguliwa mwaka 1931, ikajaa vitabu, na Mwafrika hakuwa na kiti humo. Baraza la Jiji lilipoichukua ndipo ikawa ya wote. Siku hizi shirika la Book Bunk limekarabati matawi ya maktaba hiyo ya Kaloleni na Makadara. Hapa Kibera, watoto wamejifunza kwa tableti katika maktaba ya KNLS, shirika la maktaba za taifa, nami nafurahi. Ila swali langu ni lile lile: mtoto ameishika akiwa ameketi wapi?

Sasa nyinyi. Mhasibu, bajeti ikifika mezani kwako, tafuta pesa za viti. Fundi wa stima, weka soketi karibu na kila meza. Seremala, tengeneza benchi lenye egemeo, maana mgongo huchoka kabla ya macho.

Mwenyekiti wa bodi ya chuo, maktaba ya hapa hufungwa saa kumi na moja jioni. Wengi wa wahitimu hawa walikuwa kwenye vibarua hadi saa hiyo. Mbele ya wazazi wao, naomba ifungwe saa tatu usiku, na mlinzi alipwe saa hizo za ziada.