Timu Inayofungwa na Biashara ya Wachezaji



Nimeombwa nizungumzie jinsi timu dhaifu ya mpira wa kikapu wa kulipwa inavyoweza kujiokoa kwa kubadilishana wachezaji. (Mimi nilikaa benchi hapa shuleni, bei yangu msiulize.)

Katika ligi ya NBA ya Marekani, timu zinazofungwa sana hutangulia kuchagua chipukizi. Mwaka 1980 Cleveland Cavaliers waliwapa Los Angeles Lakers mchezaji Butch Lee pamoja na zamu yao ya kwanza ya mwaka 1982, wakapata Don Ford na zamu ya Lakers ya mwaka 1980. Msimu wa 1981-82 Cavaliers walishinda michezo 15, wakafungwa 67. Sarafu ikarushwa, na zamu ile ikawa namba moja! Lakers, ambao tayari walikuwa mabingwa, wakamchukua James Worthy. Mwaka 1988 ndiye aliyetajwa mchezaji bora wa fainali.

Kadiri unavyofungwa, ndivyo zamu yako inavyopanda thamani. Kwa hiyo mimi ningemtoa kwanza mchezaji mzoefu anayetamaniwa na wengine, hata mashabiki wakinizomea.