"Pori haiishi"
Maneno ya komite kwa mkutano wa wamemba, mbele ya kipindi cha kukata mashamba

Ripoti ya mfuko mmeisikia. Tunabaki na neno moja ambalo halikuwa kwenye programu.

Kila mara tukizungumza juu ya pori, jibu ni lile lile: "Pori ya Maniema haiishi. Babu walikata, sisi tunakata, bado iko." Wazee wanasema hivyo, vijana wa makala wanasema hivyo. Na ni kweli babu walikata. Mpunga unalimwa upande wa Kasongo tangu wakati wa Tippu Tip, karne ya 19, na namna ni ile ile: panga, shoka, moto, mbegu. Lakini babu akivuna mara mbili tatu aliliacha lile shamba, akaenda kwingine, na miti ikarudi mpaka ikawa pori kweli. Hiyo njo ilikuwa mbolea yake. Sisi vita ilitufundisha kulima karibu na barabara. Nani angeenda mbali, na wenye bunduki wako porini? Basi watu wote tukabanana sehemu moja, shamba linapumzika miaka miwili, mitatu, halafu panga tena. Udongo haujui kama tulikuwa na sababu nzuri.

Waulizeni bamama. Shamba likiota nyasi tupu badala ya miti, mama anajua limechoka. Haitaji kuandikiwa.

Kati yetu kuna waliokaa Nyarugusu, kule Kigoma. Kambi ile ilifunguliwa mwaka 1996, na walioingia mwanzo wanakumbuka miti. Kisha maelfu ya familia, kila moja inapika kila siku, na kuni zikaenda mbali, kilometa juu ya kilometa, mpaka mama anatoka alfajiri na anarudi jua limekwisha kupinda. Huko njiani alikutana na watu wa vijiji wenye hasira juu ya pori lao. Wengine walipigwa, wengine walitendewa mabaya kuliko hayo. Na hakuna siku moja ambayo mtu alisema, leo pori limekwisha. Lilienda tu.

Wengine watatujibu kwamba maafa ni mambo ya Kivu. Tarehe 4 Mei 2023, siku ya soko kule Nyamukubi, mito ilishuka toka milima ya Kalehe na mawe na matope, ikafagia Nyamukubi na Bushushu. Maiti zaidi ya 400 zilipatikana, na wengi hawakuonekana mpaka leo. Miti ya ile milima ilikuwa imekatwa sana. Sisi hatuna milima ya namna ile, na hatutaki kutisha watu kwa kitu kisicho chetu. Kwetu itakuja polepole: gunia moja pungufu, kisha mbili, chemchem inakauka mwezi mmoja mapema.

Tunafikiri hapo njo kuna shida. Sisi watu wa kukimbia tuna masikio makali. Risasi moja usiku, hata iwe mbali, mama amekwisha kufunga mtoto mgongoni na sufuria iko kichwani. Lakini udongo ukichoka haulii. Mtu atahama kwa njaa, bila adui wa kumtaja, na hakuna atakayemwandika kwenye orodha ya wakimbizi.

(Juu ya dhahabu ya Namoya na Salamabila tutasema siku nyingine, ile ni hotuba nzima. Tuwaambie tu vijana wanaochoma merkiri jikoni kwa mama yao: ule moshi unaingia kifuani na kichwani, na unamfikia mtoto aliye tumboni.)

Sasa kwa wafadhili, kwa heshima. Mbegu na majembe yenu yalitutoa kwenye njaa, hatusahau. Lakini karatasi za ripoti zinatuuliza: hekta ngapi zimefunguliwa? Nyumba ngapi za matofali ya kuchoma? Hakuna mstari unaouliza ni hekta ngapi zimelazwa zipumzike. Tena mbegu mpya ikija kila mwaka, shamba lililochoka linafichwa. Kila mtu anaona mbegu, hakuna anayeona udongo. Tunaomba huo mstari uongezwe. Na kwa nyumba, tanuru moja la matofali linakula miti mingi. Tofali la kukaushwa kwa jua, likikaa juu ya msingi wa mawe na chini ya manjanja yanayotoka nje vizuri, linasimama miaka mingi. Lipeni hilo pia.

Serikali nayo ilikwisha kuandika. Sheria ya misitu ya tarehe 29 Agosti 2002, kifungu cha 48, inakataza kufyeka miti mita 50 kila upande wa mto, na mita 100 kuzunguka chemchem. Si lazima tungojee mtu wa mazingira atoke Kasongo na pikipiki yake. Komite inapendekeza: kuanzia msimu huu, memba asifungue shamba jipya ndani ya hiyo mipaka, na atakayefungua asipewe mbegu za chama.

Tunajua itamuuma nani. Bamama wenye bustani za lengalenga na nyanya kando ya mto, wajane wengi kati yao, wanalima pale sababu ni karibu na maji na karibu na nyumba. Manung'uniko yao tumeyasikia na yana haki. Bustani zilizopo zibaki. Miti iliyobaki kando yake isiguswe. Anayetaka kupanua, chama kimwombee sehemu kwa sultani, na jina lake liwe juu kwenye orodha ya mbegu. Wenye mashamba makubwa ya mpunga ndio waanze kurudi nyuma, si wao.

Komite imekwisha kununua kamba. Tumeipima mita 50, na fundo kwenye kila mita 10. Juma lijalo, kesho yake baada ya soko, tutaanza na chemchem iliyo chini ya shule, pamoja na mjumbe wa sultani. Tunahitaji watu sita wa kushika kamba na kuweka alama, na tunataka watatu wawe bamama wa zile bustani. Majina yapelekwe kwa mwandishi kabla hamjatoka hapa.