Alama ya Uadilifu Katika Fomu ya Tathmini

Ndugu Mwenyekiti, ndugu maafisa utumishi na wakuu wa idara,

Waandaaji wa kikao hiki wameniomba nianze na maana ya maadili, uadilifu na tathmini. Maana hizo mnazo ofisini, na wengi wenu ndio mnaozifundisha watumishi wapya. Naomba nizipite.

Nizungumzie sehemu moja tu. Fomu ya OPRAS, yaani mfumo wa wazi wa tathmini ya utendaji kazi wa watumishi wa umma Tanzania, iliyoanza kutumika mwaka 2004 badala ya taarifa za siri, ilikuwa na sehemu ya sifa za utendaji mzuri, uadilifu ukiwemo. Mtumishi alijipa alama, kuanzia 1 ambayo ni ya juu kabisa hadi 5. Msimamizi akampa ya kwake. Kisha wakaandika alama ya makubaliano. Kwa majalada yaliyoshughulikiwa, kukubaliana si shida, maana majalada yanahesabika. Kwa uadilifu, wakubaliane kwa kipimo gani?

Nimepitia fomu hizo kwa miaka mingi, na nasema kwa tahadhari kwa kuwa haya si maoni ya mwajiri wangu. Karibu kila fomu husema hivi: uadilifu, 1. Mtumishi na msimamizi wakiwa wamegombana: 2. Mtumishi hujipima kwa nia yake. Alichelewa kurejesha masurufu kwa sababu aliuguliwa. Msimamizi akichelewa, naye aliuguliwa. Akichelewa mwingine, huyo ni mzembe kwa tabia. Wanasaikolojia Jones na Nisbett walilieleza jambo hili mwaka 1971: kwa kosa langu nasingizia mazingira, la mwenzangu nalihusisha na tabia yake.

Msimamizi asipojua nia wala tendo, hupima adabu. Anayeamkia vizuri, asiyebisha kikaoni, anayeombwa kuongoza sala, basi huyo ni mtu safi. Mkaguzi akija na hoja, ofisi nzima inashangaa: yule? Mbona mpole? Mpole ni kweli, ila stakabadhi hazipo.

Tena uadilifu wenyewe si kitu kimoja. Watafiti Hartshorne na May walichunguza maelfu ya watoto wa shule Marekani, wakachapisha matokeo mwaka 1928: aliyedanganya kwenye mtihani si lazima awe ndiye aliyedanganya mchezoni. Hata kwetu, mhasibu asiyegusa senti ya serikali anaweza kuwa ndiye anayevujisha siri za majalada. Alama moja itamweka wapi?

Sasa mfumo wa kielektroniki wa PEPMIS umechukua nafasi ya OPRAS, na tunajaza kwenye kompyuta. Ni hatua nzuri. Lakini kompyuta hujumlisha tulichoandika, haiulizi tumekijuaje.

Napendekeza msimamizi aandike tendo na tarehe yake, asiandike sifa. Fedha, muda wa kazi, siri na huduma kwa mwananchi vipimwe kila kimoja peke yake. Wanaohudumiwa waulizwe. Msimamizi naye apimwe na walio chini yake. Pendekezo hili la kumpima msimamizi huingia kwenye maazimio ya semina na kubaki humo humo. Adabu isihesabiwe kuwa uadilifu. Narudia: tendo na tarehe. Na pasipo ushahidi, nafasi iachwe wazi, hata kama mhusika ni rafiki, na hasa akiwa ni mtu tusiyempenda. Ikiwa mfumo hauruhusu kuacha nafasi wazi, ninyi ndio wa kuiandikia Ofisi ya Rais, Utumishi. Naomba mapendekezo haya yapitishwe kuwa azimio leo kabla ya kufunga kikao.