Mazungumzo Magumu ya Jumamosi Yasifutwe

Ifuatayo ni hotuba ya afisa wa mawasiliano wa kaunti kwa wakazi, wanafunzi na wanachama wa klabu ya programu huria, mjini Kisumu.



Nimeombwa nizungumzie jambo moja tu. Je, klabu iendelee na mazungumzo ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi, yale ambayo wanachama wenyewe wanayaita "magumu", au iyaache na kubaki na mafunzo ya wanaoanza? Wanaotaka yaachwe wana hoja. Siku hiyo chumba huwa na watu kumi na wawili, pengine tisa. Darasa la wanaoanza nalo hujaa hadi wengine wanakaa madirishani. Anayelipia stima na chai ana haki ya kuuliza kwa nini watu tisa wapewe ukumbi uleule unaotosha watu sitini.

Mimi nasema yaendelee. Nasema hivyo nikiwa mtu aliyesomea uanahabari, si uhandisi. Kazi yangu ni kuwaeleza wakazi mambo yanayowagusa, na hili linawagusa hata wale ambao hawajawahi kushika kompyuta.

Kwanza tuelewane kuhusu neno lenyewe. Programu huria ni programu ambayo maandishi yake ya ndani, yaani msimbo, yako wazi kwa kila mtu. Unaruhusiwa kuusoma, kuubadilisha na kumgawia jirani. (Naomba tuseme msimbo. Vijana wengine husema "kodi", na mfanyabiashara wa Kibuye akisikia kwamba watu wanakutana kila mwezi kuandika kodi, atafunga kibanda mapema.) Wazo hili si geni. Richard Stallman wa Marekani alitangaza mradi wake wa GNU mwaka 1983. Mwaka 1991 mwanafunzi wa Helsinki, Linus Torvalds, akaanza kutoa Linux. Simu ya Android iliyo mfukoni mwako sasa hivi inaendeshwa na kiini hichohicho cha Linux.

Lakini hatuna haja ya kwenda Helsinki. Twende Eldoret.

Mwaka 2001, katika kituo cha afya cha Mosoriot kule Nandi, Chuo Kikuu cha Moi na wenzao wa Chuo Kikuu cha Indiana walianza kuweka kumbukumbu za wagonjwa kwenye kompyuta. Ulikuwa mfumo mdogo, na ulifanya kazi. Kisha wakaja wagonjwa wa VVU kwa maelfu, na dawa za kupunguza makali zikaanza kupatikana. Mgonjwa wa namna hiyo haji mara moja akapona. Anarudi mwezi baada ya mwezi, na kila mara daktari anahitaji kuona yaliyopita. Mfumo mdogo ukalemewa. Mwaka 2004 madaktari wawili wenye ujuzi wa kompyuta, Burke Mamlin na Paul Biondich wa Taasisi ya Regenstrief, walifika Eldoret na kuona kwamba kuuwekea viraka hakutatosha. Hapo ndipo ilipoanza OpenMRS, programu huria ya kumbukumbu za wagonjwa. Ilianza kutumika Eldoret Februari 2006. Leo inatumika katika nchi nyingi duniani, na mfumo wa KenyaEMR, uliojengwa juu yake na kuanza kutumika mwaka 2012, umeingia katika mamia ya vituo vya afya nchini, vikiwemo vya huku kwetu Nyanza.

Kwa hiyo mama anayechukua dawa kliniki huenda maisha yake yameandikwa ndani ya msimbo ambao kijana yeyote wa Manyatta au Nyalenda anaruhusiwa kuufungua na kuusoma. Kuruhusiwa ni jambo moja. Kuweza kuusoma ni jambo jingine kabisa, na hapo ndipo Jumamosi zile zinapoingia.

Nitawapa mfano mmoja wa mazungumzo niliyohudhuria. Mada ilikuwa hii: stima ikipotea ghafla karani akiwa anahifadhi rekodi ya mgonjwa, rekodi hiyo inakwenda wapi? Nilidhani ni mada ya dakika kumi. Ilichukua saa mbili na nusu, na hakuna aliyesinzia.

Mambo yenyewe ni haya. Karani anapobonyeza "hifadhi", kompyuta haiandiki kwenye diski papo hapo. Diski ni ya polepole, kwa hiyo mfumo unaiweka rekodi kwanza kwenye kumbukumbu ya muda, kisha unajibu "tayari". Ile kumbukumbu ya muda inahitaji stima ili iishi. Stima ikienda, nayo imekwenda. Waliotengeneza hifadhidata, yaani yale maghala ya kumbukumbu kama MySQL ambayo OpenMRS imeitumia tangu mwanzo, walilijua hilo, na dawa yao inafanana sana na mambo ya Dunga.

Mfikirieni mama anayeuza samaki pale ufuoni. Ana daftari dogo mfukoni na daftari kubwa nyumbani. Mteja akichukua ngege kwa deni, mama anaandika kwanza katika daftari dogo, mstari mmoja, haraka, kabla samaki hajaondoka mezani. Jioni anahamisha hesabu katika daftari kubwa, kila mteja na ukurasa wake. Taa ikizimika katikati ya kuhamisha, hakuna hasara. Kesho atafungua daftari dogo, aone alipofikia, amalizie. Hifadhidata nayo hufanya hivyo. Kabla ya kugusa majedwali makubwa, huandika mabadiliko katika daftari lake dogo na kuiambia kompyuta: usinijibu mpaka haya yawe kwenye diski kweli. Stima ikirudi, inasoma daftari hilo, inakamilisha yaliyothibitishwa na kutupa yaliyokatikia njiani. Ndiyo maana rekodi ya mgonjwa haibaki nusunusu, jina likiwa lake na kipimo cha dawa kikiwa cha mwingine.

Mpaka hapo hata mimi nilikuwa nimeelewa. Ndipo mzungumzaji, kijana mpole anayetengeneza simu mjini kwa riziki yake, akauliza: na diski yenyewe ikidanganya?

Akasimulia kisa cha mwaka 2018 kuhusu hifadhidata nyingine huria, PostgreSQL. Watengenezaji wake waligundua kwamba diski ikishindwa kuandika, Linux ingetoa taarifa ya kosa mara moja tu. Hifadhidata ikiuliza mara ya pili, "je, sasa imeandikwa?", ingejibiwa "ndiyo", ingawa data haikufika. Kwa miaka mingi PostgreSQL ilikuwa inauliza tena na kuamini jibu hilo. Kesi za namna hiyo ni chache, lakini katika rekodi za hospitali chache si sifuri. Watu wa PostgreSQL na watu wa Linux walibishana hadharani, kila neno likisomeka na yeyote mwenye intaneti, na Februari 2019 matoleo yaliyorekebishwa yakatoka. Siku hizi kosa la kwanza likitokea, hifadhidata inajisimamisha yenyewe na kuanza upya kutoka kwenye daftari dogo.

Chumba kilinyamaza. Kisha msichana mmoja, mwanafunzi wa chuo, akauliza kama kuna yeyote aliyewahi kukagua toleo linaloendesha kompyuta za mahali anapofanyia mafunzo ya kazi. Hakuna aliyejua. Akaandika swali hilo kwenye mkono wake kwa kalamu. Wiki mbili baadaye alirudi na jibu.

Swali kama lile haliwezi kutoka katika darasa la wanaoanza, hata lijae namna gani. Sisemi hivyo kulidharau. Kisumu tunajua kuwaanzisha watu, na tuna haki ya kujivunia. Mwaka 2017 wasichana watano wa Kisumu Girls, wakiongozwa na mlezi wao kutoka kituo cha LakeHub, walikwenda California na programu yao ya i-Cut ya kuwasaidia wasichana wanaokabiliwa na ukeketaji, na mwaka 2019 kundi hilo likafika fainali ya Tuzo ya Sakharov ya Bunge la Ulaya. Huo ulikuwa mwanzo mzuri ajabu. Swali langu ni nani anayemshika mkono mtu baada ya mwanzo. Kijana akishamaliza somo la kwanza na la pili, mara nyingi tunampa somo la kwanza tena, kwa jina jipya na fulana mpya.

Walioko Maseno wanaelewa ninachosema. Idara ya hisabati ya chuo hicho imekuwa ikitumia STACK tangu 2019, programu huria iliyoanzishwa Uingereza ya kusahihisha mazoezi ya hisabati. Mwanafunzi anaandika jibu lake la aljebra, kompyuta inalipima kihesabu, si kwa kulinganisha herufi, na kila mwanafunzi anapata nambari tofauti ili asinakili kwa jirani. Kwa darasa la mamia ya wanafunzi, hilo ni mkombozi. Lakini maswali hayajiandiki. Lazima awepo mwalimu anayejua hisabati na anayejua pia undani wa programu, hadi aweze kutabiri makosa ambayo mwanafunzi atayafanya na kumwekea maelezo ya kila kosa. Watu wa aina hiyo hawapatikani kwa semina ya siku moja yenye cheti.

Nisionekane kama mhubiri wa programu huria. Uwazi peke yake haulindi chochote. Machi 2024 dunia iligundua mlango wa siri ndani ya xz, programu ndogo ya kubana mafaili inayotumika katika kompyuta nyingi za Linux. Aliyeuweka alikuwa amejipatia uaminifu kwa zaidi ya miaka miwili akimsaidia mtunzaji wa mradi, ambaye alikuwa mtu mmoja, wa kujitolea, aliyechoka. Msimbo ulikuwa wazi muda wote huo. Uligunduliwa na mhandisi mmoja, Andres Freund, kwa sababu kuingia kwenye kompyuta yake kulikuwa kumechelewa kwa takriban nusu sekunde, naye akakataa kulipuuza. Nusu sekunde! Mtu wa kawaida angelaumu mtandao na kwenda kunywa chai. Freund, kwa njia, ni mmoja wa watengenezaji wa PostgreSQL, watu walewale waliozoea kubishana juu ya diski zinazodanganya.

Wapo wanaosema mazungumzo haya ni ya Kiingereza kitupu na yanawafukuza watu. Hapo nakubaliana nao nusu. Ugumu wa jambo usiongezewe ugumu wa lugha. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili mwaka 2004, kwa hiyo hatuwezi kusema lugha yetu haina nafasi ndani ya kompyuta. Yule kijana wa simu alieleza diski kwa Kiswahili, akachanganya Dholuo alipokwama, na nilimwelewa kuliko wahadhiri wengi. Wazungumzaji wafanye hivyo. Wasipunguze kina, wapunguze mbwembwe.

Kwa wakazi, nina maombi. Makarani wa kliniki, wauguzi, walimu wa shule, wenye vyama vya akiba: njooni, hata kama hamwelewi msimbo. Ninyi ndio mnaojua mfumo unakwama wapi saa nne asubuhi foleni ikiwa ndefu. Vijana wana majibu mengi yasiyo na maswali. Lakini usije na rekodi ya mgonjwa wala ya mwanachama, hata picha yake kwenye simu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inakataza kuzianika taarifa za watu hivyo, na klabu haizihitaji. OpenMRS ina data ya mfano, wagonjwa wa kubuni, inayotosha kabisa kujifunzia.

Kwa viongozi wa klabu: kama tatizo ni ukumbi, hamieni chumba kidogo. Watu tisa hawahitaji viti sitini. Na aliyemaliza darasa la wanaoanza aalikwe kwa jina, aambiwe kwamba mara ya kwanza hataelewa robo ya yatakayosemwa, na kwamba hata waliotangulia walianza hivyo.

Mazungumzo ya mwezi huu yatahusu vituo viwili vinavyoandika rekodi ya mgonjwa mmoja mtandao ukiwa umekatika, na jinsi ya kujua, ukirudi, maandishi ya nani ndiyo sahihi. Ni Jumamosi ya mwisho, saa nane mchana. Mwenye kompyuta aje nayo ikiwa na chaji. Mwenye daftari tu, aje nalo.