Kazi ya Usiku na Haki ya Usingizi



Mtu anayekutwa amelala saa 4 asubuhi huitwa mvivu upesi. Ni wachache wanaouliza usiku wake aliupitisha wapi.

Mahindi yanapokaribia kukomaa, mkulima huhamia dunguni ili kuwazuia nguruwe pori. Mkulima wa tumbaku ya moshi naye hukesha kando ya bani: moto ulio chini ya majani ukizimika, zao huharibika, ukiwaka kwa nguvu, bani lote huteketea. Muuguzi wa zamu, mlinzi na dereva wa lori nao huuona usiku wote. Kunapokucha, wengi wao husubiriwa na palizi, mifugo na watoto.

Mwili wa binadamu una saa yake, inayofuata mwanga wa jua. Mwaka 2017 wanasayansi watatu wa Marekani, Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young, walipewa Tuzo ya Nobel kwa kubainisha jinsi saa hiyo inavyoendeshwa ndani ya seli. Kwa sababu yake, usingizi wa mchana huwa mfupi na mwepesi hata kwa aliyechoka. Mtu mzima huhitaji walau saa 7 za usingizi kila siku. Aliyekaa macho saa 17 mfululizo huchelewa kutambua na kuamua, mithili ya mtu aliyekunywa pombe. Kwa mwenye moto au usukani mkononi, hiyo ni hatari ya maisha.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inalitambua jambo hili. Kazi ya usiku ni ile ya kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi, na kila saa yake ina nyongeza ya asilimia 5 ya mshahara wa msingi. Mwajiriwa anastahili, kwa kawaida, mapumziko ya saa 12 mfululizo kabla ya kurudi kazini, na saa 24 mfululizo kila wiki. Mjamzito hapangiwi zamu ya usiku katika miezi miwili kabla ya kujifungua.

Mkulima aliye dunguni hana mwajiri wa kumdai haki hiyo. Anayeweza kumpa ni familia yake. Zamu zipokezwe kati ya watu wazima wa nyumba, asiachiwe mmoja msimu mzima. Aliyekesha atengewe chumba chenye giza, redio ipunguzwe, na kazi yake ya asubuhi ishikwe na mwingine. Kabla ya zamu, alale kidogo jioni. Naye anayekosa usingizi kwa majuma kadhaa, hata anapopata nafasi ya kulala, afike zahanati mapema, kabla uchovu haujamletea ajali.